Nchi Jirani: Chanjo ya Pepopunda na Hofu ya Utasa

Ndugu askari wa ulinzi na usalama, mwezi Novemba mwaka 2014 jirani zetu wa Kenya waliingia katika mvutano uliozigusa nyumba nyingi. Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini humo walitangaza kwamba chanjo ya pepopunda, iliyokuwa ikitolewa na Serikali kwa wanawake wa umri wa miaka 14 hadi 49, ilikuwa imetiwa homoni ya ujauzito, na kwamba shabaha yake ilikuwa kuwafunga uzazi akina mama. Wizara ya Afya ilikanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nayo yakakanusha. Mzazi mwenye binti wa miaka 15 akabaki njia panda: amsikilize daktari, au amsikilize askofu?

Si nia ya mazungumzo haya kuingilia mambo ya ndani ya jirani. Lakini mpaka hauzuii maradhi, wala hauzuii uvumi. Yafaa basi tuitazame historia ya jambo hili.

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, huingia kwenye jeraha, na sumu yao huikaza misuli hata mgonjwa asiweze kufumbua kinywa. Askari waujua ugonjwa huu tangu kale, kwa kuwa vita ni majeraha na matope. Chanjo yake, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Ramon katika miaka ya 1920, ilienea upesi majeshini. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani, lililokuwa limewachanja askari wake, lilipata wagonjwa 12 tu wa pepopunda. Na askari hao waliporudi makwao, nchi yao ilishuhudia ongezeko kubwa la watoto.

Yawezekana mtu akauliza: mbona Kenya iliwachanja wanawake peke yao? Jibu ni kwamba kampeni ile ilikusudiwa kumwokoa mtoto mchanga. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, mtoto hushikwa na pepopunda, na mara nyingi hufa katika siku chache. Mama aliyechanjwa humpitishia mtoto kinga angali tumboni; baba hawezi kufanya hivyo. Sababu hiyo ni nyepesi kueleweka, lakini isipoelezwa mapema, swali la haki hugeuka kuwa shaka.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Katika jambo hili kweli lilikuwapo, ila silo lile lililosemwa. Huko New Delhi, India, Profesa Pran Talwar na wenzake walifanya utafiti wa miaka mingi juu ya chanjo ya kuzuia mimba. Waliiunganisha homoni ya ujauzito na chanjo ya pepopunda, ili mwili uizoee homoni hiyo kama adui na kuipiga vita. Matokeo ya majaribio kwa wanawake 148 yalitangazwa mwaka 1994. Kinga hiyo ilikuwa ya muda, na ilipopungua wanawake waliweza tena kushika mimba. Dawa hiyo ilitengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Haikuwa chanjo ya kawaida ya pepopunda. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1990 habari hizo mbili zilichanganywa, na hofu ikaenea hadi Ufilipino na Mexico.

Huko Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2015, upande wa maaskofu ulisema kwamba homoni ilionekana katika vichupa 3 kati ya 59 vilivyopimwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kueleza kwamba vipimo vya maabara vinavyotumika kwa damu na mkojo wa binadamu havifai kuipimia chanjo. Mabishano hayo yaliendelea, lakini hesabu za uzazi zina jibu lake.

Mwaka 1989 mwanamke wa Kenya alihesabiwa kuzaa wastani wa watoto 6.7. Mwaka 1998 wastani ulikuwa umeshuka hadi 4.7. Mshuko huo mkubwa ulitokea miaka 15 kabla ya kampeni iliyoanza mwaka 2013, nao uliletwa na uzazi wa mpango na elimu ya wasichana. Tena tuitazame Uganda, iliyothibitishwa mwaka 2011 kuwa imeshinda pepopunda ya uzazi kwa kuwachanja akina mama. Miaka mitano baadaye, mwanamke wa Uganda alikuwa bado anazaa wastani wa watoto 5.4. Hapa Tanzania, tuliothibitishwa mwaka 2012, wastani wa mwaka 2022 ulikuwa 4.8. Kama chanjo hii ingefunga uzazi, nchi hizi mbili zingekuwa za kwanza kuona.

Hata hivyo, ndugu askari, uvumi wa namna hii hauhitaji maabara ili uzaliwe. Huko Kamerun mwaka 1990, wasichana wa shule waliruka madirishani kuwakimbia wachanjaji wa pepopunda, wakiamini wanatiwa utasa. Mwaka huohuo, tarehe 26 Mei, watu sita walipigwa risasi na kufa mjini Bamenda, siku chama kipya cha upinzani kilipozinduliwa. Wananchi walioliogopa bunduki la dola waliiogopa na sindano yake. Hofu yao juu ya chanjo haikuwa na msingi. Hofu yao juu ya dola ilikuwa na msingi.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwetu. Askari anaposindikiza wachanjaji vijijini, kazi yake ni kuwalinda, si kuwakamata akina mama kwa nguvu. Mwanamke anayeuliza sindano hii ni ya nini hajatenda kosa. Ajibiwe kwa heshima, kwa lugha anayoielewa. Na katika makambi yetu, familia za askari ziwe za kwanza kuuliza na za kwanza kuchanjwa.

Mwaka 2018 Kenya nayo ilithibitishwa kuishinda pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Lakini vijidudu bado vimo ardhini, na kila mtoto anayezaliwa leo anahitaji kinga ya mama yake. Kinga hiyo haidumu pasipo chanjo, na chanjo haipokelewi pasipo imani baina ya dola na raia.