Mto Una Wenyewe: Jinsi Maji ya Thika na Ruiru Yalivyopata Walinzi

Kutoka Ruiru hadi Thika ni mwendo mfupi wa matatu, lakini maji ya miji hii miwili hayakutani. Mto Ruiru na mto Ndarugu huingia Athi, ambao huporomoka pale Fourteen Falls chini ya Kilimambogo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwagika baharini karibu na Malindi. Chania na Thika, nayo, huungana mjini Thika na kuelekea Masinga, yakawa maji ya Tana yanayofika pwani upande wa Kipini. Kinachomwagwa Ruiru huwafikia wakulima wa Donyo Sabuk na Makueni. Kinachomwagwa Thika huteremka upande wa Yatta. Ndiyo maana historia ya kuilinda mito hii imezunguka swali moja: ni nani anayehesabiwa kuwa mwenye mto?

Kabla ya wakoloni, Wagĩkũyũ waliishi kwenye migongo ya vilima, na kila bonde lilikuwa na mto wake. Mto ulikuwa mpaka wa mbari na mbari, na pia kisima cha pande zote mbili. Mpango huo ulivurugika walowezi walipochukua ardhi ya nyanda za chini. Hoteli ya Blue Posts ilijengwa mwaka wa 1908 kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, reli ikafika Thika mwaka wa 1913, na mashamba makubwa ya kahawa na katani yakaenea kutoka Ruiru na Juja kuelekea huko. Mto sasa ulithaminiwa kwa kazi uliyoweza kufanya. Maporomoko ya Ruiru yalitumika mapema kuzalisha umeme wa Nairobi, na wenye mashamba wakavuta maji hadi kwenye viwanda vyao vya kahawa.

Kiwanda cha kahawa hakiwezi kukaa mbali na maji. Kahawa mbivu humwagwa kwenye mashine ya kumenya, maji yakaibeba kupitia kwenye diski, maganda yakaenda upande huu na mbegu upande ule. Mbegu hulazwa tangini zichache hadi ute wake uachie, kisha huoshwa kwa maji mengine mengi. Yanayobaki ni maji ya rangi ya hudhurungi, yenye harufu kali ya kuchacha. Hayana sumu inayoonekana, ila yamejaa sukari. Yakiingia mtoni, vijidudu huila sukari ile na kumaliza hewa iliyo majini, samaki wakakosa pumzi. Kwa miaka mingi maji hayo yalirudishwa mtoni yalivyo, na msimu wa mavuno ndio uliokuwa msimu wa mto kunuka.

Kisha vikaja viwanda vya mjini. Thika ilikua kuwa mji wa viwanda vya ngozi, nguo, mananasi ya mkebe na vyuma. Sheria ya Maji ya mwaka wa 1952 iliyaweka maji yote mikononi mwa serikali, na aliyetaka kuyachota kwa wingi akaomba kibali. Mwenye kibali ndiye aliyetambuliwa. Mama aliyeteka kwa mtungi kule chini hakuwa na karatasi, kwa hivyo malalamiko yake hayakuwa na pa kufikia. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, wafungwa wa vita vya Mau Mau walichimbishwa mfereji wa Yatta, wenye urefu wa karibu kilomita 60, kupeleka maji ya mto Thika nyanda kavu za upande wa Matuu. Tangu hapo kuna maelfu ya watu wanaokunywa, wanaofua na wanaomwagilia nyanya kwa maji yaliyokwisha kupita mji wa viwanda.

Msaada wa kwanza haukutoka kwa askari wa maji, ulitoka kwa watafiti. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima aliyeipanda alipunguza dawa za shaba, na shaba ile ndiyo ambayo mvua huisomba kutoka majanini hadi mabondeni. Viwanda navyo vilihimizwa kuyazungusha maji ya kumenyea yatumike tena, na kuyaelekeza yanayobaki kwenye mashimo yanywewe na ardhi badala ya kuingia mtoni.

Badiliko kubwa lilikuja kwa sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 ilianzisha NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Sheria ya Maji ya 2002 ikafanya jambo jipya: iliwatambua watu wa bonde moja, wakubwa kwa wadogo, kama chama cha watumiaji wa rasilimali za maji. Wenyewe hukiita WRUA. Mkulima wa sukuma wiki, shamba la maua, kiwanda na shule wakaweza kuketi katika kamati moja. Mwaka wa 2006 kanuni za ubora wa maji zikaweka kipimo: majitaka yanayoingia mtoni yasidai hewa inayozidi miligramu 30 kwa kila lita. Maji ya kumenyea kahawa yasiyosafishwa huweza kufikia maelfu.

Kazi ya WRUA huanza kwa miguu. Wanachama huufuata mto kutoka juu hadi chini, wakiandika kila wanachokiona: pampu isiyo na kibali, ukingo uliobomoka, chemchemi iliyolimwa, bomba linalotokeza kwenye ua la mtu. Taarifa hizo huwa mpango wa bonde, na mpango ndio wanaoupeleka kuomba fedha. Kisha hupigwa vigingi vya ukingo, angalau mita 6 kutoka majini na hadi mita 30 mto unapokuwa mpana. Hapo ndipo ugomvi huanza, kwa kuwa mita hizo sita mara nyingi ndizo zenye nduma na migomba ya familia. Mwaka wa 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki alipoagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji, kamati kama hizi ndizo zilizobaki na kibarua cha kumshawishi jirani aung'oe mti aliotarajia umlipie karo, apande mianzi.

Huko juu, mambo yalipata msukumo mwaka wa 2015 ulipozinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, unaohusisha pia bonde la Thika na Chania. Hoja yake ni ya kibiashara: karibu maji yote ya Nairobi hutoka Tana ya juu, basi wanaoyanywa wachangie kumsaidia mkulima kuchimba matuta, kupanda majani ya napia na kuvuna maji ya mvua. Waanzilishi walikadiria kuwa dola milioni 10 zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Matope hupungua, na gharama ya kusafisha maji hupungua nayo.

Lakini wakati kamati zilipokuwa zikijifunza kukabiliana na mashamba na viwanda, mchafuzi alibadilika. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka wa 2012 na mashamba ya kahawa yakakatwa kuwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 251,407 mjini Thika na 490,120 Ruiru, ambao ukawa miongoni mwa miji mikubwa zaidi nchini. Ruiru ilikuwa imekaa miaka mingi bila mtambo wa majitaka. Ghorofa ziliota zikitegemea mashimo ya choo na malori ya kunyonya, na shimo likijaa usiku wa mvua, mtaro ulikuwa karibu. Kiwanda kinaweza kuitwa kwenye kikao. Maelfu ya wapangaji wasio na bomba la majitaka hawaitiki, na wala kosa si lao peke yao.

Hapo ndipo mpaka wa kazi ya kujitolea unapoonekana. Chama cha bonde kinaweza kupanda mianzi, kuokota plastiki na kuripoti bomba la siri. Hakiwezi kujenga mtandao wa majitaka, na hakina mamlaka ya kufunga kiwanda. Wenye uwezo huo ni kaunti, kampuni za maji na NEMA, na mara nyingi zimesukumwa ndipo zikaenda.

Nguvu ya kuzisukuma ipo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kwa maneno mengine, yule mama wa chini ya mto ambaye mwaka wa 1952 hakuwa na karatasi, leo haihitaji. Anachohitaji ni ushahidi, na ushahidi ni kile hasa ambacho wanachama wa WRUA hukusanya wanapotembea ukingoni: tarehe, mahali, bomba, sampuli ya maji. Kuanzia hapo ni juu ya serikali ya kaunti kuamua kama itazika mabomba ya majitaka kabla ya kuidhinisha ghorofa nyingine, au itangoja ishtakiwe na watu wa Matuu.