Kiendeshaji, si kiendeshi

Modemu za USB za Huawei bado hazijaisha mikononi mwa watu. Mteja kutoka Dadaab anamletea fundi wa Garissa mjini laptopu kuukuu yenye Linux, anachomeka modemu, taa inawaka, intaneti haiji. Fundi hana maneno mengi: "Walaal, hii haina draiva."

Draiva ni programu inayojua kuongea na kifaa fulani kwa niaba ya kiini cha mfumo. Mtaani neno hilo linatosha. Kwenye maandishi, wengi huandika "kiendeshi", na hapo ndipo ninapopinga, maana kiendeshi tayari ni kile kinachosoma diski. Programu hii naiita kiendeshaji.

Modemu hizo zenyewe zinanipa sababu. Ukizichomeka, nyingi hujitambulisha kwanza kama kiendeshi cha CD, chenye programu ya kusakinisha kwenye Windows. Linux haina haja nayo. Inaona CD, inaishia hapo. Ukiandika lsusb utaona namba kama 12d1:1446: 12d1 ni ya Huawei, 1446 ni ya kifaa kikiwa bado kimevaa joho la CD. Programu ya usb_modeswitch, ya Josua Dietze, hukitumia ujumbe mfupi wa kukigeuza. Namba ya pili inabadilika, kiendeshaji kiitwacho option kinakidaka, na bandari za ttyUSB zinajitokeza. Hebu mweleze mwanafunzi kwamba kifaa hakikupata kiendeshi kwa sababu kilijifanya kiendeshi!

Namba ikiwa ngeni kwa option, usikate tamaa upesi, kwani mara nyingi chipu ni ya jamii ile ile. Ukiwa na mamlaka ya root, iandike kwenye faili la new_id ndani ya /sys/bus/usb-serial/drivers/option1. Kompyuta ikizimwa husahau, kwa hiyo weka kanuni ya udev iirudie.

Kadi za WiFi zina kisa kingine: kiendeshaji kipo, ila chipu inadai faili la programu yake ya ndani. Kabla ya Debian 12, iliyotoka 2023, kisakinishi rasmi hakikubeba mafaili hayo yasiyo huru. Unatafuta intaneti ili upate intaneti. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa ugavi wa intaneti kwa USB. Kwa simu nyingi, kiendeshaji cha rndis_host huipokea kama kadi ya mtandao, na faili linapakuliwa.