Mgeni na Kiti cha Unyanyembe



Mgeni anayeishi kwetu ana sauti gani katika kuchagua nani atutawale? Hapa Tabora swali hilo ni la zamani. Karibu na mwaka 1860 wafanyabiashara Waarabu, wakichukizwa na ushuru wa Mtemi Mnywa Sere juu ya misafara yao, walimwondoa wakamsimika Mkasiwa. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Mnywa Sere alipigana porini hadi alipouawa mwaka 1865. Kila mgeni alikuwa na rai yake; wenye nchi, nani aliwauliza?

Karne moja baadaye serikali ya Gavana Twining ilimtaka kila mpiga kura achague watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, na wengi walikuja wakitaka kususia. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha papa hapa katika shule ya Mtakatifu Maria, aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu alijitoa chamani, na hasira yake tunaielewa, maana sharti lenyewe lilikuwa la dharau.

Lakini safari hii wenyeji ndio waliomchagua mgeni. Kwa kuungwa mkono na TANU, Lady Chesham, mzaliwa wa Marekani, na Derek Bryceson, mkulima Mwingereza, waliingia Baraza la Kutunga Sheria wakiutetea uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1965, viti vya rangi vikiwa vimekwisha kufutwa, Bryceson alisimama tena Dar es Salaam, mbele ya wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika. Wakamchagua.