Nani kasema "hello" kwanza?

Wadau, leo historia kidogo. Siku hizi ukitaja roboti wa kuchati, watu wanadhani kaanza na ChatGPT mwaka 2022. Hapana jamani, jamaa ni mtu mzima kabisa.

Mfumo wa kuchati wa IRC ulizaliwa Agosti 1988 Oulu, Finland, mikononi mwa Jarkko Oikarinen. Anayeingia wa kwanza chumbani ndiye opereta, mwenye uwezo wa kufukuza wengine. Wote wakitoka, chumba kinakufa, na atakayekifungua upya ufalme ni wake. Vyumba vingi viliporwa hivyo. Desemba 1993 Robey Pointer akaandika Eggdrop, roboti asiyelala, kazi yake kubaki chumbani na kushika funguo.

Kumweka? Unamjenga kwenye mashine ya Unix, unajaza faili la mipangilio: jina lake, seva, chumba. Mara ya kwanza unamwasha kwa alama ya -m, kisha unamtumia neno moja tu: hello. Wa kwanza kulisema ndiye bosi. Ukizubaa, imekula kwako! Baada ya hapo unaongeza mistari michache ya Tcl, na kila mtu akiandika "mambo" anajibiwa "poa".

Sasa mpeleke roboti huyu Mbeya au Iringa ya miaka ile. Anataka umeme na laini visivyokatika. Mwaka 2006 ukame ulikausha bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, nchi ikaingia kwenye mgao. Mto unaolijaza, Ruaha Mkuu, unapita bonde la Usangu mkoani Mbeya. Yaani mikoa inayopitisha maji ya umeme wa taifa nayo ilikaa gizani! Intaneti nayo ilitegemea satelaiti, mpaka mkongo wa SEACOM ulipofika Dar Julai 2009. Kwa hiyo mlinzi wa chumba chako ilibidi akae kwenye seva ya kukodi ughaibuni. Wewe bosi kwa jina, mwenye mashine ndiye bosi kweli.

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini pale Iringa (leo Chuo Kikuu cha Iringa) kilianzisha shahada ya TEHAMA kikishirikiana na Wafini wa Joensuu. Nchi ileile ya IRC! Wazo lao lilinivutia: mwanafunzi aanze na tatizo la hapa, siyo na mashine ya kule.

Na roboti aliyefika vijijini hakuhitaji hata intaneti. Novemba 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda 15001, mashine ikamrudishia ushauri kwa Kiswahili, bure.

Kwangu huyo ndiye babu halisi wa roboti wetu. Hawa wapya wanaongea Kiswahili kizuri, sikatai. Ila wengi bado wanalala kwenye seva za ughaibuni, na "hello" ya kwanza hatukuisema sisi. Tafakarini hilo, wadau.