Simu na Ujirani: Kutoka Pwani hadi Uluguru

Neno simu limetoka kwa Waajemi, na kwao maana yake ni waya, au fedha. Kabla ya waya huo habari haikuwa na mwendo upitao mwendo wa miguu ya binadamu. Mji wa Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, ambao Stanley aliupitia mwaka 1871 na kuuandika kwa jina la Simbamwenni, ulipata habari za pwani kwa vinywa vya wapagazi.

Waya wa kwanza ulitujia kwa njia ya bahari. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza iliutandaza chini ya maji kutoka Aden kupitia Unguja na Msumbiji hadi Durban. Na mwaka 1890 ukaongezwa mwingine kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Msomaji na aone ajabu hii: Mjerumani, aliyekuwa akigombea bara letu na Mwingereza, alizungumza na Berlin kwa waya wa Mwingereza huyohuyo. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa mataifa yalikwisha kukutana Paris mwaka 1865, yakaunda umoja wa telegrafu na kukubaliana juu ya kanuni na malipo. Waya bila mapatano ni chuma kitupu. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, nayo reli haiendi bila simu.

Vita vilipoanza, mapatano yalikuwa ya kwanza kuvunjika. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliupiga mji wa Dar es Salaam kwa ajili ya mlingoti wa simu ya upepo, na siku hiyo mlingoti ukaanguka.

Baada ya vita hivyo ulikuja ushirikiano ambao wazee wetu wanaukumbuka zaidi. Mwaka 1933 Posta na Simu ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda. Uhuru ulipopatikana hatukuuvunja muungano huo, bali Mkataba wa mwaka 1967 uliufanya kuwa Shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Kampala. Fundi apandaye nguzo Morogoro akawa na mwajiri mmoja na fundi wa Kisumu na wa Jinja. Mwaka 1970 kituo cha satelaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa la Kenya, nchi zetu zikapata mlango wa kuzungumza na dunia.

Kisha ukaja mwaka 1977. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwezi wa Februari, Jumuiya ikafa, na kituo kile kikabaki upande wa jirani. Kila nchi ikalazimika kuunda shirika lake na kununua mitambo yake, gharama ambayo maskini watatu wangeweza kuibeba pamoja. Mwaka huohuo, nchi za Afrika zilikuwa zikiunda Umoja wa Mawasiliano wa Afrika huko Addis Ababa!

Mgawanyo wa mali ulikubaliwa Arusha tarehe 14 Mei 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi. Lakini mali si mitambo peke yake. Watumishi waliodai mafao yao waliendelea kudai hadi walipopatana na serikali mahakamani mwaka 2005. Wakubwa waliizika Jumuiya kwa miezi michache. Wazee wale walilibeba jeneza lake kwa miaka 28, na wengine walikufa wakiwa wamelibeba.

Uluguru nayo ina sehemu yake. Mawimbi ya redio ya masafa hayo huenda sawasawa kama jicho liendavyo, hayapindi kona. Kwa hiyo mlima huwazuilia walio nyuma yake. Hata hivyo minara imesimamishwa juu ya Bondwa, kilele kipitacho mita 2,100, na kizuizi kimegeuzwa kuwa kipaza sauti.

Mwaka 2010 mkongo wa EASSy ulianza kazi baharini, kutoka Sudan hadi Afrika Kusini, ukishuka Dar es Salaam. Umepita karibu na njia ileile ya waya wa mwaka 1879, ila safari hii Waafrika, na Watanzania miongoni mwao, wamo katika orodha ya wenye mali.