Baji akihema hivyo, hachezi densi

Wasee, kuna video zinanisumbua roho. Baji, yule kasuku mdogo wa kijani au buluu, amefungua mdomo, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, na watu wanacheka eti "anakata densi". Zii. Huyo anatafuta hewa. Na kama ungejua historia ya ndege wadogo na hewa, hungecheka, ungefungua dirisha.

Turudi Wales, Januari 1896. Mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown ulilipuka na watu 57 wakafa. Mwanasayansi Mskoti, John Scott Haldane, akaenda kuchunguza maiti. Watu walidhani mlipuko wenyewe ndio huua wachimbaji. Haldane akaona kwamba wengi huuliwa na gesi inayobaki baada ya moto: kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200. Unasikia kichwa kizito, unalala, basi. Haldane alijua vizuri kwa sababu aliivuta mwenyewe kwenye majaribio, akiandika jinsi anavyojisikia.

Jibu lake lilikuwa rahisi: shukeni mgodini na mnyama mdogo. Panya walijaribiwa, lakini kanari, yule ndege wa manjano anayeimba, alikuwa bora. Akizidiwa anayumba, kisha anaanguka kutoka kwenye kijiti chake, na kila mtu anaona. Hapo mnatoka mbio.

Kwa nini ndege? Hana mapafu kama yetu. Ana vifuko vya hewa mwilini, na hewa hupita kwenye mapafu yake ikienda upande mmoja, kwa hivyo anapata oksijeni akivuta na hata akitoa pumzi. Ni mashine kali ya kupaa. Lakini mashine hiyo hiyo inabeba sumu haraka, kwa mwili wenye uzito wa gramu chache tu. Baji naye ni gramu 30 hadi 40 hivi. Fikiria.

Sasa hii ndiyo sehemu inayonigusa. Wachimbaji hawakumwacha ndege afe tu. Kulikuwa na kizimba maalum chenye mtungi mdogo wa oksijeni juu yake. Kanari akianguka, wanafunga mlango, wanafungulia oksijeni, anaamka. Waliwapigia mbinja, waliwazoea. Kazi hiyo iliendelea hadi 1986, Uingereza ilipotangaza kwamba kanari wa mwisho, zaidi ya 200, watapokezana na mitambo.

Watu waliokuwa gizani chini ya ardhi walimwangalia ndege kila dakika. Sisi tuko na taa na simu, na hatumwangalii.

Hebu tazama keja ya kawaida Nairobi mwezi wa Julai. Baridi imekaza, madirisha yamefungwa, jiko la makaa limeingizwa ndani lipashe nyumba joto. Kizimba kiko hapo kando "ndege asisikie baridi". Gesi iliyoua Tylorstown ndiyo inatoka kwenye hilo jiko. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko ndani na hazikuamka. Ndege akianza kuyumba kwenye chumba kama hicho, usianze kugoogle dawa yake. Toka nje. Wewe, watoto na yeye.

Na si jiko peke yake. Kikaango kisichoshika chakula, kile cha Teflon, kikisahaulika motoni kikapata joto kupita kiasi, hutoa moshi unaoweza kuua baji kwa dakika chache hata kama wewe hujasikia kitu. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya mende ya kupuliza, sigara, marashi ya kupuliza: vyote vinapita kwenye vile vifuko vyake.

Sisemi kila baji anayehema amevuta moshi. Kuna maambukizi, kuna ukungu wa mapafuni, na baji anayelishwa mbegu tu mwaka mzima anaweza kukosa iodini hadi tezi ya shingo ivimbe na kubana koo. Kuna hata ugonjwa wa kasuku unaoruka hadi kwa binadamu. Mlipuko wake wa 1929 na 1930 uliua watu nchi kadhaa, na Marekani ikapiga marufuku kuingiza kasuku. Kwa hivyo mpeleke kwa daktari wa wanyama mapema, maana ndege huficha ugonjwa hadi azidiwe. Njiani, mweke mahali penye joto, hewa safi na kimya. Usimfinye kifua unapomshika. Hana ule msuli wa chini ya mapafu unaotusaidia sisi kupumua, kifua chake lazima kitanuke, ukikibana unamnyonga. Na usimpe antibiotiki zako zilizobaki, tafadhali.

Maoni yangu ni haya: kama huwezi kumtoa baji karibu na jiko, usimnunue. Na kama hewa ya keja yako haimfai ndege wa gramu 35, jiulize mtoto anayelala hapo anavuta nini.