Kushuka Mkoani

Katika karatasi ya nasaba niliyowagawia mwaka 2009, mbele ya jina la bibi yetu mzaa baba niliandika: Chake Chake, Pemba. Ndivyo tulivyoambiwa sisi tuliokulia Maskati. Mkoani kulitajwa nyumbani kwa jambo moja tu, kuwa ndiko watu walikopandia meli.

Mwaka jana nilishuka huko kwa boti itokayo Unguja. Nakiri sikuona cha kunipendeza: gati la saruji, magunia, mabati, vijana wa bodaboda wakigombania mizigo, na barabara inayopanda kilima. Abiria hawakai. Kila mmoja hukimbilia gari la Chake, mwendo wa kilomita kama 30 kaskazini, na mimi nilikwisha kaa kitini nikingoja lijae.

Mji huu haukufanywa bandari kwa uzuri wake, bali kwa kina cha maji. Hori ya Chake hukauka maji yakitoka. Jahazi huweza kusubiri maji yajae, lakini meli kubwa haziingii. Baada ya dhoruba ya 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na wazee wetu wakaja na kurudi kwa meli za serikali, Al-Said na Al-Hathera.

Bi mkongwe aliyeuza kahawa kando ya gari aliniuliza, "Wewe wa nani, mwanangu?" Nikamtajia bibi. Akanitazama kwa muda.

"Huyo hakukaa Chake. Alikuwa akiuza vitumbua pale," akaonyesha chini ya mkungu.

Nikashuka garini. Kwa maelezo yake, mashamba yalipotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kugawiwa ekari tatu tatu, la bibi lilikwenda pamoja na mengine, naye akahamia bandarini. Wanawe walikuwa wamekwisha ondoka. Sultani Qaboos alipofungua milango mwaka 1970 wakaelekea Omani. Kila meli ilipotia nanga, bibi aliweka chano chini akawatazama wanaoshuka, mpaka wa mwisho. Barua zilifika. Watu hawakufika.

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alitwambia mama yake alikufa shambani kwake, kati ya mikarafuu yake. Simlaumu. Nimekuwa karani miaka 31, na najua jinsi mtu anavyoandika neno moja mahali pa jingine ili daftari lifungike.

Gari lilijaa likaenda zake. Nililala Mkoani, na asubuhi mjukuu wa yule bibi wa kahawa alinipeleka kaburini, juu ya kilima. Halina maandishi, ila limezungushiwa mawe, na kuna mtu anayelipalilia. Kutoka pale gati lote huonekana.

Wenye nakala ya ile karatasi, tafadhali futeni Chake Chake. Andikeni Mkoani.